Utafiti wangu umekatiwa fedha: je, mimi ni msomi aliye hatarini?

*"Mimi ni Mkenya mwenye umri wa miaka 39, nimeishi Marekani miaka 11, na nina grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa miaka mitatu sasa. Nilihitimu uzamivu miaka sita iliyopita, na ninatafiti kwa nini wanawake weusi hufariki kwa uzazi kuliko weupe. Mwaka 2025 chuo chetu kilipokea barua kwamba ruzuku yangu ya NIH, Taasisi za Kitaifa za Afya, imesitishwa kwa kuwa mradi hauendani tena na vipaumbele vya taasisi. Mkataba wangu unaisha baada ya miezi saba. Nasikia Ufaransa, Ujerumani na nchi nyingine zinatoa ufadhili kwa wasomi walio hatarini. Je, nami ninahesabika? Nikikubali nitakuwa mkimbizi? Mume wangu ni muuguzi, tuna watoto wawili, na data ya miaka minne iko kwenye kompyuta za chuo. Sijui niondoke au nibaki kupigana."*

Dada yangu, pole sana kwa pigo hilo. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu umeyafunga mengi katika furushi moja: jina la "msomi aliye hatarini", ukimbizi, makaratasi, data, na chini ya yote hayo hofu kwamba kuondoka ni kuwaacha wanawake uliokuwa ukiwafanyia kazi. Nitalifungua furushi hilo polepole.

Tuanze na barua yenyewe. Maneno uliyonukuu yalijirudia katika barua nyingi zilizotumwa kwa vyuo vya Marekani mwaka 2025, baada ya amri za rais za Januari mwaka huo dhidi ya programu za ujumuishaji na dhidi ya kile zilichokiita itikadi ya jinsia. Barua hiyo haisemi kwamba utafiti wako ni dhaifu, maana mradi ulipita mchujo wa wataalamu wenzako kabla ya kupewa senti ya kwanza. Juni 2025 Jaji William Young wa mahakama ya shirikisho mjini Boston aliamua kwamba usitishaji wa mamia ya ruzuku za NIH ulikuwa kinyume cha sheria. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikairuhusu serikali iendelee na usitishaji wakati kesi inasikilizwa, na kusema kwamba madai ya fedha yapelekwe katika mahakama maalumu ya madai dhidi ya serikali ya shirikisho. Kwako la kushika ni hili: ruzuku ya NIH hupewa chuo, si mtafiti. Wewe umeandikwa kama mkuu wa mradi, lakini mwenye haki ya kukata rufaa ni chuo, na muda wa rufaa ya ndani ya NIH ni siku 30 tangu barua kupokelewa. Nenda ofisi ya utafiti uulize kama chuo kilikata rufaa au kilinyamaza, na uombe nakala ya kila kilichoandikwa. Nakala hizo zitakufaa hata ukiomba nafasi ng'ambo, kwa sababu zinaonyesha kwamba mradi ulikatwa ukiwa hai, haukufa wenyewe.

Sasa nije kwenye jina la "msomi aliye hatarini", ambalo naona limekuchanganya, na si kosa lako. Kuna milango miwili isiyofanana, na habari nyingi zimeisimulia kama mlango mmoja.

Mlango wa kwanza ni wa ulinzi, na ni wa zamani. Mwaka 1933 Philipp Schwartz, daktari wa patholojia, alitoroka Frankfurt akaenda Zurich baada ya utawala wa Hitler kuanza kuwafukuza Wayahudi vyuoni. Akiwa huko alianzisha ofisi ya kuwatafutia wenzake kazi nje ya Ujerumani, na wengi, naye akiwemo, wakapokelewa katika Chuo Kikuu cha Istanbul. Mwaka huohuo William Beveridge na wenzake waliunda Uingereza baraza la kuwasaidia wasomi hao, ambalo leo linaitwa Cara. Mmoja wa waliosaidiwa nalo ni Ludwig Guttmann, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Breslau, aliyewasili Uingereza mwaka 1939 na familia yake, na ambaye baadaye katika hospitali ya Stoke Mandeville alibadilisha kabisa matibabu ya watu waliovunjika uti wa mgongo. Ukoo huo unaendelea. Scholars at Risk, mtandao wa vyuo wa kuwalinda wasomi, ilianzishwa Chicago mwaka 1999, Scholar Rescue Fund mwaka 2002, Mpango wa Philipp Schwartz wa Taasisi ya Humboldt nchini Ujerumani mwaka 2015, na PAUSE nchini Ufaransa mwaka 2017. Maswali yao yanafanana: nani anakutishia, wapi, kwa njia gani, na ushahidi uko wapi? Katika Mpango wa Philipp Schwartz na PAUSE anayewasilisha maombi ni chuo mwenyeji, si wewe, kwa hiyo bila profesa anayekutaka huko hakuna mahali pa kuanzia.

Nikuambie ukweli: kwa uliyonieleza, mlango huo hautakufungukia kirahisi. Unashindania nafasi chache na wenzako wa Sudan, Gaza, Afghanistan na Ukraine, ambao wengine wametoka kifungoni au vyuo vyao vimebomolewa. Hatari iko juu ya kazi yako, bado haijafika mwilini mwako. Hali ingekuwa nyingine kama umetishiwa maisha, kama anwani ya nyumbani kwako imesambazwa, au kama unaandamwa kwa hatua za kinidhamu kwa sababu ya matokeo uliyochapisha. Kama lolote kati ya hayo limetokea na hukuliandika kwa aibu au kwa hofu, waandikie Scholars at Risk moja kwa moja, ukiambatanisha ujumbe wenyewe pamoja na tarehe.

Mlango wa pili ni wa kuvutia vipaji, na ndio uliosikia habari zake. Machi 2025 Chuo Kikuu cha Aix-Marseille kilitenga euro milioni 15 kuwapokea watafiti wapatao 15 kutoka Marekani kwa miaka mitatu. Maombi yalikaribia 300, na wa kwanza walifika Juni. Tarehe 5 Mei 2025, katika Chuo cha Sorbonne, Tume ya Ulaya ilitangaza euro milioni 500 kwa miaka ya 2025 hadi 2027, na Baraza la Utafiti la Ulaya likapandisha hadi euro milioni 2 nyongeza anayoweza kuiomba mtafiti anayehamia Ulaya. Mjini Toronto, mtandao wa hospitali wa UHN ulitangaza kuajiri wanasayansi 100 walio mwanzoni mwa safari yao. Wafadhili hawa kwanza wanataka kujua utafanya nini na nani atafanya nawe, na simulizi la mateso yako halitawasogeza mbali. Kwako wewe naona nafasi za Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti, ndizo zinazokaa vizuri zaidi. Ziko wazi kwa uraia wowote, zinataka uwe umepata uzamivu ndani ya miaka 8, hudumu hadi miaka 2, na sharti lake la ukaazi ni kwamba usiwe umeishi nchi unayoiendea zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyopita. Maombi kwa kawaida hufungwa Septemba na majibu hutoka karibu Februari. Lakini mwaka 2025 maombi yalizidi 17,000, idadi ambayo haikuwahi kuonekana, kwa hiyo usiuegemee mti huo peke yake.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami zaidi. Wengi huchagua nchi kwa ukubwa wa fedha. Nakusihi uchague kwa kuangalia kama swali lako linaweza kuulizwa huko. Takwimu unazozijua kwa moyo, kwamba mwaka 2023 Marekani ilikuwa na vifo vya uzazi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi na 14.5 kwa weupe, zipo kwa sababu cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha Marekani vina mahali pa kuandika rangi. Ufaransa haina. Sheria ya 1978 inabana ukusanyaji wa data ya aina hiyo, na tarehe 15 Novemba 2007 Baraza la Katiba la nchi hiyo liliamua kwamba tafiti haziwezi kujengwa juu ya asili ya kikabila au rangi. Watafiti wa huko hutumia nchi aliyozaliwa mama, na kwa njia hiyo wameonyesha kwamba wanawake waliozaliwa Afrika kusini mwa Sahara hufariki kwa uzazi kuliko waliozaliwa Ufaransa. Ni kazi nzuri. Lakini binti wa Wangazija aliyezaliwa Marseille, mji ulio na jamii kubwa ya Wakomoro, anahesabiwa kuwa amezaliwa Ufaransa basi, na lile linalompata wodini kwa sababu ya rangi yake halina safu kwenye jedwali. Ukienda Marseille na pendekezo lako la sasa bila kulibadilisha, utagundua mwezi wa kwanza kwamba umepewa ofisi, mshahara na swali usiloweza kulijibu.

Uingereza ni tofauti. Sensa yake imeuliza kabila na rangi tangu 1991, na uchunguzi wa vifo vya akina mama unaofanywa na MBRRACE-UK umeonyesha kwa miaka mingi kwamba wanawake weusi wako katika hatari kubwa zaidi, kati ya mara mbili na mara tatu ya weupe katika ripoti za karibuni. Huko ungekuta swali lako limekwisha kuulizwa, wenzako wapo, na data ipo. Tena tangu Januari 2024 Uingereza imerudi katika mpango wa utafiti wa Ulaya, kwa hiyo nafasi ya Marie Curie yaweza kufanyiwa London au Leicester. Sweden na majirani zake wana rejista zinazounganisha uzazi, hospitali na kipato cha mtu mmoja, hazina ya ajabu kwa mtafiti, ila rangi haimo, na nchi ya kuzaliwa ndiyo inayotumika. Brazil huandika rangi katika mfumo wake wa afya na imekuwa na sera ya kitaifa ya afya ya watu weusi tangu 2009, kama Kireno hakikutishi.

Na usiiruke nyumbani. Sisemi hivyo kwa kukubembeleza urudi. Nairobi, kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia kaya za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kilifi mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome umekuwepo tangu 1989. Pengo la kiafya kati ya mama wa Korogocho na mama wa Lavington, mtaa wa wenye nacho, ni swali la usawa wa afya lisilohitaji kuombewa ruhusa kwa sababu ya maneno yake. Ila fahamu kwamba kufungwa kwa USAID mwaka 2025, na kusimamishwa kwa DHS, programu ya kimataifa ya tafiti za idadi ya watu na afya, iliyolisha takwimu zetu kwa miongo kadhaa, kumewaacha watafiti wengi wa Afrika Mashariki wakitafuta kazi zilezile unazozitafuta.

Kuhusu ukimbizi, jibu ni hapana. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hupima hofu uliyo nayo dhidi ya nchi ya uraia wako, na nchi yako ni Kenya. Hata ungeomba hifadhi Ufaransa ungeulizwa unaogopa nini Kenya, si Marekani. Utakachopata ni kibali cha mtafiti. Chini ya Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2016, yenye namba 2016/801, ambayo hayazifungi Denmark na Ireland, mtafiti mwenye makubaliano na chuo mwenyeji huja na familia yake, mwenza ana haki ya kufanya kazi, na mkataba ukiisha unaweza kubaki angalau miezi 9 ukitafuta kazi nyingine. Haki ya mumeo kufanya kazi, hata hivyo, haimpi leseni ya uuguzi. Uingereza atafanya mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo, Ujerumani atatakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2 pamoja na kutambuliwa kwa vyeti, na Ufaransa ni kugumu zaidi kwa waliosomea nje ya Ulaya. Mwaka wa kwanza huenda mkaishi kwa kipato chako peke yako. Ukichagua Uingereza, ada ya huduma ya afya hulipwa mapema kwa muda wote wa viza, pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kwa kila mwaka. Kwa familia ya watu wanne na viza ya miaka mitatu ni zaidi ya pauni 10,000 kabla hamjapanda ndege. Uliza mapema nani atalipa. Uliza pia kama unapewa mkataba wa kazi au posho, kwa sababu posho nyingi hazina pensheni wala bima ya kukosa kazi, na mtu huja kulijua hilo siku anapoihitaji.

Grini kadi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Umebakiza takriban miaka miwili kufikisha mitano inayotakiwa kwa uraia, kama mumeo si raia wa Marekani. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo unaanza kuulizwa kama ukaazi wako umekatika. Ukikaa mwaka mzima umekatika kwa ajili ya uraia, na kwa kawaida utasubiri miaka 4 na siku moja baada ya kurudi. Kibali cha kuingia tena, kinachoombwa kwa fomu I-131, hulinda kadi kwa muda wa hadi miaka 2, lakini hakirudishi miaka ya uraia uliyoipoteza, na lazima uwe ndani ya Marekani unapokiomba. Kuna waliokwenda kwanza wakafikiri watakijaza wakiwa Berlin. Na kwa msomaji mwingine aliyeko Marekani kwa viza ya J-1, ile ya mabadilishano ya wasomi, yenye sharti la kurudi nyumbani miaka miwili: miaka utakayokaa Ulaya haihesabiwi kuwa umerudi nyumbani.

Data uliyoikusanya, ingawa ulimhoji kila mwanamke kwa mdomo wako, iko mikononi mwa chuo, na ridhaa ya wale wanawake ilitolewa kwa masharti yaliyoandikwa. Usinakili chochote kwenye flashi usiku wa mwisho. Naelewa kishawishi hicho, lakini kinaweza kukufungia milango yote kwa pamoja. Njia halali ni makubaliano ya matumizi ya data kati ya chuo chako na chuo mwenyeji, na idhini ya kamati ya maadili ya pande zote mbili, pamoja na masharti ya sheria ya faragha ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018. Huchukua miezi, kwa hiyo anza sasa, ukiwa bado mfanyakazi. Hojaji tupu, kamusi ya vigeuzi na programu ulizoandika za uchambuzi kwa kawaida ni rahisi zaidi kuruhusiwa. Ziombe kwa maandishi.

Kuhusu barua ya kumwendea profesa mwenyeji, nikueleze nililoliona. Nilikaa mezani na mtafiti mmoja aliyekatiwa fedha kama wewe, na rasimu yake ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa juu ya siasa za Marekani, kila neno la kweli na la uchungu. Jina la mwenyeji lilionekana mara ya kwanza kwenye ukurasa wa pili, karibu na sahihi. Tuliugeuza. Sentensi ya kwanza ikawa makala ya mwenyeji aliyoisoma na swali ambalo makala ile iliacha wazi. Ya pili ikawa data aliyokwisha kuikusanya na iliyobaki kuchambuliwa. Usitishaji wa ruzuku ukapewa sentensi moja yenye tarehe. Barua ikawa nusu ukurasa, na jibu lilikuja siku ya tatu. Fanya hivyo kwa wenyeji watano au sita, ukiwaandikia maprofesa wenyewe, si ofisi za chuo. Na yeyote atakayekudai ada ili akuunganishe na ufadhili wa aina hii, mwache.

Niondoke au nibaki? Kama jimbo lako au wakfu fulani unaweza kukupa fedha za kuvusha mwaka mmoja na nusu baada ya mkataba wako kuisha, ningekushauri ubaki ufikishe uraia, huku ukiomba nafasi za nje zianze baadaye. Raia anaweza kwenda na kurudi bila kuhesabu miezi. Kama hakuna fedha hizo, nenda, kwa sababu miaka miwili bila kuchapisha itakuumiza kuliko kuchelewa kwa uraia. Kwa vyovyote vile, omba chuo kikuachie cheo cha heshima kisicho na mshahara, ili jina lako liendelee kuwa kwenye mradi endapo mahakama itarudisha fedha. Na kabla ya kuondoka, waite wale wanawake, au viongozi wa kliniki walizokuwa wakienda, uwaeleze mradi umefikia wapi na nani atakayewajibu wakipiga simu. Walikupa habari za vifo vya dada zao. Wasijue kwa kuona ofisi imefungwa.

Mimi naweza kukuonyesha njia, lakini mambo mawili hayafai kuamuliwa kwa maandishi. La makaratasi lipeleke kwa wakili wa uhamiaji ana kwa ana, kabla ya kusaini chochote, ukiwa na pasi zote za familia na orodha ya safari zenu. Vyuo vingi vina wakili au kliniki ya sheria isiyotoza, na makundi ya WhatsApp hayawezi kuchukua nafasi yake. La pili ni wewe mwenyewe: ikiwa usingizi umekimbia kwa majuma, au unajikuta hufungui barua pepe kwa hofu, mwone daktari au mshauri nasaha sasa, wakati bima ya chuo bado inalipa.

Na wiki hii, badilisha anwani ya barua pepe kwenye wasifu wako na kwenye makala zako kuwa ya binafsi. Ile ya chuo itafungwa siku mkataba utakapoisha, na majibu ya maombi ya Septemba huja Februari.